Ushuru Una Sheria Yake

Leo hatuzungumzi juu ya mbegu, wala mbolea, wala dawa ya viwavi. Leo tunazungumza juu ya jambo linalokungoja baada ya kuvuna, pale unapopakia gunia lako uende kuuza. Nalo ni ushuru wa Halmashauri.

Tuseme wewe ni mkulima wa Sindeni, wilayani Handeni. Mwaka huu mvua haikuwa mbaya. Umevuna mahindi, umeweka ya chakula, umeweka ya mbegu, na umebakiwa na magunia 8 ya kuuza. Mtoto anataka sare ya shule, na bati la nyumba limetoboka. Umesikia kwamba Korogwe bei ni nzuri kidogo kuliko kijijini. Basi unatafuta nafasi katika gari, unapakia magunia yako, mnaondoka. Njiani mnakuta kamba imefungwa barabarani. Kijana mmoja anakuja.

"Shikamoo mzee. Mahindi haya ya nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni yangu."

"Basi lipia ushuru. Gunia moja elfu mbili. Magunia manane, elfu kumi na sita."

Je, ndugu mkulima, utafanya nini? Wengi wetu tutaingiza mkono mfukoni, tutatoa, halafu tutalalamika njia nzima. Wengine watagombana na yule kijana mpaka jua lizame, lakini kwa ubishi mtupu, bila kujua sheria inasema nini. Wote wawili wamekosea. Anayetoa bila kuuliza huenda amepoteza sare ya mtoto bure. Anayegombana bila kujua huenda anakataa deni la halali. Dawa ni moja: kuijua sheria.

NANI ANA UWEZO WA KUTOZA?

Neno la kwanza la kushika ni hili. Katika nchi yetu hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi akaamua kutoza watu fedha. Si mtendaji wa kijiji, si diwani, si mkurugenzi, hata awe mkubwa namna gani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 138, inaeleza kwamba kodi ya aina yoyote haitatozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliopewa nguvu na sheria ya Bunge.

Sasa utasema, "Mbona Halmashauri yetu inatoza, nayo si Bunge?" Ni swali zuri. Halmashauri inatoza kwa sababu Bunge limeipa ruhusa. Ruhusa hiyo imo katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Namba 9 ya mwaka 1982, ambayo imefanyiwa marekebisho mara nyingi tangu wakati huo. Sheria hiyo ndiyo inayotaja ni mapato gani Halmashauri inaweza kukusanya, na kwa baadhi ya mapato inaweka kikomo cha kiwango.

Halmashauri nayo, kabla ya kutoza, hutunga sheria ndogo. Humo ndimo kunaandikwa: ushuru huu ni wa kitu gani, ni kiasi gani, nani analipa, nani anakusanya, na adhabu ya asiyelipa ni nini. Kabla ya kuipitisha, Halmashauri inatakiwa kuwatangazia wananchi ili wenye pingamizi waseme. Kisha sheria ndogo hiyo huenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ili aikubali, na mwisho hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Gazeti hilo si lile la habari za mpira. Ni lile ambamo Serikali hutangaza sheria zake, na kila tangazo lina namba na mwaka.

Kwa hiyo ukisikia neno "ushuru", fikiria ngazi tatu: Katiba, sheria ya Bunge, na sheria ndogo ya Halmashauri. Ngazi moja ikikosekana, hiyo si ushuru. Ni kuchukuliwa fedha tu.

TUMETOKA WAPI

Wazee wetu wa Handeni na Korogwe wanalijua jambo hili tangu zamani. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Asiyekuwa na fedha ilimbidi atafute kibarua, na wengi katika sehemu zetu waliishia katika mashamba ya mkonge. Waingereza walipochukua nchi waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Hakuna aliyemwuliza mkulima.

Baada ya Uhuru, Halmashauri za wilaya zilitegemea kodi za mitaa na ushuru wa mazao. Mwaka 1969 Serikali iliviondoa vyote viwili, kwani vilimlemea mkulima. Lakini Halmashauri bila mapato ni kama jembe bila mpini. Mwaka 1972 zilivunjwa, na kazi zake zikachukuliwa na mikoa na wilaya katika mpango wa Madaraka Mikoani. Mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za kuzirudisha, na mwaka 1984 Halmashauri za wilaya zikaanza kazi upya. Zikaja pamoja na kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima alidaiwa. Wako wengi wanaokumbuka mgambo wakipita alfajiri kuuliza stakabadhi, na watu wakikimbilia porini.

Mwaka 2003 Serikali iliifuta kodi ya maendeleo, pamoja na utitiri wa ushuru mdogo mdogo uliokuwa kero vijijini. Ushuru wa mazao ulibaki, lakini kwa kikomo: usizidi asilimia 5 ya bei ya shambani. Kisha mwaka 2017 Bunge likaupunguza tena. Kwa mazao ya biashara ukashuka kutoka asilimia 5 kuwa asilimia 3. Kwa mazao ya chakula ukashuka kutoka asilimia 5 kuwa asilimia 2.

Tunakusimulia historia hii kwa sababu moja. Ushuru haukushuka kutoka mbinguni. Uliwekwa na watu, ulifutwa na watu, ulipunguzwa na watu. Bunge linaweza kuugusa tena katika bajeti ya mwaka wowote, na mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kila msimu, kabla hujauza, muulize mtendaji wako au diwani wako: "Kiwango cha mwaka huu ni kipi?"

TUPIGE HESABU KIDOGO

Asilimia ni maneno ya vitabuni. Hebu tuyateremshe shambani. Bei tutakazotumia ni za mfano tu.

Tuseme mchuuzi amekuja kijijini, amenunua mahindi kilo 2,000, kwa bei ya shambani ya Sh. 600/= kila kilo. Thamani yake ni Sh. 1,200,000/=. Kwa kiwango cha zamani cha asilimia 5, ushuru ungekuwa Sh. 60,000/=. Kwa kiwango cha mwaka 2017 cha asilimia 2, ushuru ni Sh. 24,000/=. Tofauti ni Sh. 36,000/=.

Sasa ufuta, ambao ni zao la biashara. Tuseme mchuuzi amenunua kilo 500 kwa Sh. 3,000/= kila kilo. Thamani ni Sh. 1,500,000/=. Asilimia 3 yake ni Sh. 45,000/=.

Angalia mambo mawili katika hesabu hii. La kwanza, tumetumia bei ya shambani, yaani bei uliyouzia wewe kijijini. Hatukutumia bei ya Dar es Salaam wala ya Tanga mjini. La pili, tumesema mchuuzi amenunua. Ushuru wa mazao kwa sheria hutozwa mnunuzi. Mkulima si wake kulipa pale anapouza.

Najua utacheka useme, "Mnunuzi gani huyo? Akilipa yeye, si ananikata mimi katika bei?" Ni kweli, mara nyingi anafanya hivyo. Ndiyo sababu inakupasa ukijue kiwango. Mchuuzi akikuambia, "Mgosi, nakupunguzia shilingi hamsini kwa kilo kwa sababu ya ushuru," wewe piga hesabu. Asilimia 2 ya Sh. 600/= ni Sh. 12/= tu. Hizo Sh. 38/= zilizobaki ni za mfuko wake, si za Halmashauri.

TANI MOJA YA MKULIMA

Haya, turudi barabarani. Marekebisho ya mwaka 2017 yaliweka jambo jingine kubwa kwa mkulima mdogo. Mkulima anayesafirisha mazao yake yasiyozidi tani moja, kutoka Halmashauri moja kwenda nyingine, hatozwi ushuru wa mazao.

Tani moja ni kilo 1,000. Ni sawa na magunia 10 ya kilo 100.

Usidhani jambo hili ni la watu wa safari ndefu. Tazama hapa kwetu. Handeni kuna Halmashauri ya Wilaya na kuna Halmashauri ya Mji. Korogwe vilevile kuna Halmashauri ya Wilaya na kuna Halmashauri ya Mji. Jumla ni Halmashauri nne. Mkulima wa Kwamatuku anayepeleka mahindi Chanika amevuka mpaka wa Halmashauri, ingawa moyoni mwake anaona yuko Handeni ile ile. Mkulima wa Mombo anayepeleka mpunga Korogwe mjini naye amevuka. Mipaka imekuwa karibu sana, na kila mpaka unaweza kuwa na mtu wa ushuru.

Lakini hapa pana mtego, na mtego wenyewe ni lumbesa. Gunia la halali halizidi kilo 100. Tuseme wewe umeshindilia magunia yako 8 mpaka yamevimba, kila moja kilo 130. Nane mara 130 ni kilo 1,040. Umevuka tani moja bila kujua, na haki yako imekuponyoka kwa mikono yako mwenyewe. Tena umevunja Sheria ya Vipimo. Na ukifika sokoni, mnunuzi atakulipa bei ya gunia, si bei ya kilo 130. Lumbesa inakupiga mara tatu. Pima kwa mizani, shona gunia la kawaida, uwe na amani.

Na jingine. Tani moja hii ni ya mkulima mdogo, si kichaka cha mchuuzi kujifichia. Wako wachuuzi wenye tani 5 wanaozigawa kwa majina ya wakulima watano ili wasilipe. Wakikuomba jina lako, kataa. Fedha anayokwepa yeye ndiyo dawa inayokosekana katika zahanati yako, na ikigundulika, jina litakaloitwa ni lako.

USICHANGANYE USHURU NA USHURU

Mara nyingine mkulima huambiwa "ushuru" asijue ni upi. Tutenganishe.

Ushuru wa mazao ni ule tuliokwisha kuueleza. Ushuru wa soko ni malipo ya kutumia nafasi sokoni au gulioni. Ukipanga machungwa yako sokoni Korogwe, unaweza kudaiwa ushuru wa soko hata kama mzigo wako haufiki tani moja. Usiseme, "Mimi nina msamaha wa tani moja." Msamaha ule ni wa ushuru wa mazao, hauhusu malipo ya nafasi sokoni. Mnadani pia kuna malipo yake kwa ng'ombe na mbuzi. Kila malipo yawe na sheria ndogo yake.

Halafu kuna michango ya kijiji: kujenga darasa, kuchimba kisima, kununua madawati. Michango ni jambo jema, na vijiji vyetu vimejengwa hivyo. Lakini haianzii mezani kwa mtendaji. Inaanzia katika mkutano wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kama mchango utakuwa wa lazima na wenye adhabu, lazima uwe na sheria ndogo ya kijiji, iliyokubaliwa na Halmashauri ya Wilaya. Kuku wa mtu hakamatwi kwa sababu tu mtendaji amesema.

MASWALI MANNE YA KUSHIKA

Ukisimamishwa, usigombane. Salimia, shuka, kisha uliza maswali manne kwa upole.

1. Ushuru huu ni wa nini, na umo katika sheria ndogo gani? Mwenye kazi ya halali atajua, au atakuelekeza ofisini.

2. Kiwango chake ni kipi, na umekipataje? Kama ni asilimia, muombe mpige hesabu pamoja.

3. Wewe ni nani? Mkusanyaji awe na kitambulisho cha kazi hiyo kutoka Halmashauri au kwa wakala wake.

4. Risiti yangu iko wapi? Siku hizi Halmashauri hukusanya kwa mashine ndogo za mkononi zinazotoa risiti, au kwa namba ya malipo unayolipia benki au kwa simu. Risiti ioneshe jina la Halmashauri, tarehe, na kiasi kile kile ulichotoa. Ukitoa Sh. 10,000/= na risiti inasema Sh. 4,000/=, Sh. 6,000/= zimepotea mbele ya macho yako. Na ukiambiwa, "Lipa nusu, nisikupe risiti," hiyo ni rushwa, na mtoaji naye ana kosa.

Risiti ukiipata, itunze. Mzigo uliolipiwa ushuru ulikotoka haupaswi kulipiwa ushuru wa mazao tena mbele ya safari. Risiti ndiyo itakayosema kwa niaba yako.

UKILIPA, ULIZA FEDHA IMEKWENDA WAPI

Ndugu mkulima, hatukufundishi kukwepa. Anayepita njia za panya usiku ili asilipe kilicho halali anajidhulumu mwenyewe. Halmashauri ndiyo inayotazama shule za msingi na zahanati.

Iko faida nyingine iliyoandikwa katika sheria. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliongezewa kifungu kinachotaka Halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Basi kina mama wa Mkata au Magoma wenye kikundi wana haki ya kwenda kuuliza: "Mwaka huu mmekusanya kiasi gani, na asilimia 10 yetu iko wapi?"

Mahali pa kuuliza ni mkutano wa kijiji, ambao unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Mahali pengine ni kwa diwani wako. Diwani ndiye anayekaa katika Baraza linalopitisha sheria ndogo. Ukiona tangazo la sheria ndogo mpya limebandikwa ofisi ya kata, lisome, au mwombe mwanao akusomee. Pingamizi huwa na nguvu kabla sheria haijapita. Ikishapita, utabaki kunung'unika kilabuni.

UKIONEWA

Ukitozwa visivyo, usipige mtu wala usikate kamba ya kizuizi. Lipa ikibidi, chukua risiti, andika mahali, tarehe, saa na kiasi. Peleka malalamiko kwa mtendaji wa kata na diwani. Wakinyamaza, nenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Kama umeombwa rushwa, piga simu TAKUKURU namba 113, nayo ni ya bure. Mtu mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Kikundi cha watu kumi wenye risiti mkononi hukaribishwa viti.

Sasa turudi kwa mkulima wetu wa Sindeni. Safari hii amepima magunia yake kwa mizani.

"Lipia ushuru, mzee. Elfu kumi na sita."

"Mwanangu, mimi ni mkulima, natoka Sindeni. Haya ni magunia manane ya kilo mia mia, jumla kilo mia nane. Haijafika tani moja. Natoka Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, nakwenda Korogwe mjini. Kama kuna sheria ndogo nyingine inayonihusu, nioneshe, nitalipa unipe risiti."

Kijana anatazama magunia, anatazama gari, anafungua kamba. "Pita, mzee wangu."

Hakuna ugomvi uliotokea, na Sh. 16,000/= zimerudi nyumbani zikawa sare ya shule. Akifika sokoni Korogwe akadaiwa ushuru wa soko kwa nafasi yake, atalipa, atachukua risiti, atauza.

Kwa leo tukomee hapo, ndugu mkulima. Msomee na jirani yako asiyejua kusoma. Mungu akipenda tutaonana tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu tunatozwa malipo gani? Kila moja lina sheria ndogo?

2. Mkulima ana mpunga magunia 9 ya kilo 100, na jirani yake ana magunia 9 ya lumbesa ya kilo 125. Wote wanakwenda Halmashauri nyingine. Nani hatozwi ushuru wa mazao, na kwa nini?

3. Mara ya mwisho mkutano wa kijiji ulisomewa mapato na matumizi lini? Tufanye nini ili mkutano ujao usomewe?